Kiapo cha Sinia

Siku ya kwanza ya Ramadhani Abdulbaki alirudi kutoka sala ya adhuhuri akipanda ngazi mbili mbili, mwendo ambao Ikhlasi, mkewe, hakuwahi kuusikia tangu wahamie Kairo. Miezi minane walikuwa wamekaa ghorofa ya nne mtaa wa Faisali, na miezi minane yote mume alizipanda zile ngazi polepole kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Leo alifungua mlango akiwa na uso wake wa zamani, uso wa kule kwao Madani, Sudani.

"Mama Tasnimu, kumbe hata hawa wanafuturu barabarani," alisema kabla hajavua viatu.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwa macho yangu. Pale kwa Haji Fathi, yule wa mabomba na misumari. Wamepanga meza tangu kwenye kona mpaka msikitini. Ni meza, si mikeka, lakini si neno. Kila nchi na kikalio chake. Nitengenezee sinia."

Ikhlasi alisimama na kisu mkononi, akasahau alikuwa akikata nini. Kwao Madani Ramadhani haifuturiwi ndani. Jua likielekea kuzama kila mwanamume hutoka na sinia ya nyumbani kwake, mikeka ikatandikwa barabarani, na apitaye, awe dereva wa lori au askari au mgeni asiyejulikana atokako, husimamishwa akaketishwa. Akisema ana haraka, huapiwa. Na kwa kuapa, mtaa mzima ulimjua Abdulbaki. "Talaka i juu yangu, hupiti hapa bila kuonja sinia ya Ikhlasi!" Mpita njia anashuka, anakula matonge mawili matatu, kiapo kinatimia, mambo yanaisha kwa kicheko.

Miaka kumi na tisa ndoa ya Ikhlasi ilining'inia kwenye matonge ya watu asiowajua, na miaka kumi na tisa alimwambia mumewe, "Baba Tasnimu, huo ulimi wako utakuja kunimaliza." Naye hucheka tu. Kiapo chake hakikuwahi kumwangusha hata mara moja, kwa kuwa kule kila mtu alijua kazi yake ni kula.

Basi akapika. Alisonga asida ya mtama laini, akaimwagia mchuzi wa nyama na bamia kavu, akachemsha dengu, akapanga tende. Kisha akafungua kabati na kutoa furushi alilolificha nyuma ya mablanketi. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vya hilumuri, mikate ya mtama ulioota na viungo, inayokaushwa ili ilowekwe maji na kunywewa Ramadhani. Aliikaanga yeye na dada yake Hanadi uani kwao, mwaka ule wa mwisho kabla vita havijawakimbiza, na harufu yake ikaingia nyumba zote za mtaa. Alitoka nayo akiwa ameacha dhahabu. Ilikuwa imebaki ya mitungi mitatu, labda minne akiipunguza.

"Mama, ulisema hiyo ni ya sikukuu," alisema Tasnimu, binti yao wa miaka kumi na sita.

"Baba yako leo anakwenda kwa watu," alijibu Ikhlasi. "Lete mtungi."

Abdulbaki alivaa kanzu nyeupe, akafunga kilemba kikubwa, akajitwika sinia kichwani, mtungi mkononi. Mlangoni aligeuka. "Mwisho wa mwezi huu nitakuwa najua jina la kila mtu wa mtaa huu," alisema, na Ikhlasi akamwamini.

*

Kutoka roshani aliona kila kitu, ila hakusikia.

Alimwona mumewe akiweka sinia katikati ya meza ya kwanza na kukaribisha watu kwa mikono miwili. Waliokaa walikuwa wafagia barabara, wapakuzi wa matofali, kikongwe mmoja mwenye gongo. Walimtazama, wakaitazama sinia, wakarudi kutazama mbele. Akaja kijana mwenye fulana ya kijani, akaiinua sinia kwa adabu, akaiweka chini kando ya ukuta. Mbele ya Abdulbaki akamwekea kijisanduku cha karatasi ya bati, sawa na walichowekewa wote.

Kisha akapita Haji Fathi mwenyewe, mnene, tasbihi mkononi, nyuma yake kijana mwingine akipiga picha kwa simu. Abdulbaki aliinuka akamshika mkono. Ikhlasi aliona midomo ya mumewe ikisema jambo refu, mkono wa kulia ukipanda juu, na hapo moyo wake ukashtuka, maana aliujua mkono ule. Haji alitabasamu, akampigapiga begani, akaashiria. Likaletwa katoni, likawekwa mikononi mwa Abdulbaki, na wote wawili wakageuzwa kuitazama simu. Haji akasonga mbele kwa mtu aliyefuata. Ikaadhiniwa.

Abdulbaki alibaki wima na katoni lake mpaka wengine wote walipokuwa wanakula.

Alipopanda, ngazi zilikuwa na mwendo ule wa miezi minane. Aliweka sinia na mtungi sakafuni. Asida ilikuwa imeganda juu, haijaguswa hata kwa kidole. Katoni lilikuwa na mchele, sukari, mafuta na majani ya chai, na picha ya duka la Haji Fathi ubavuni.

"Bawabu amenieleza ngazini," alisema bila kumtazama mtu. "Ile ni meza ya maskini. Tajiri anatoa, maskini anakaa. Anasema, 'Mzee wangu, ungeniuliza mimi.'"

"Si kosa, Baba Tasnimu. Ni mara yetu ya kwanza. Njoo ule, tende hujatia kinywani."

"Nimeapa, Ikhlasi."

Hakuwa akimwita kwa jina mbele ya mtoto. Tasnimu akaacha kumimina hilumuri.

"Umeapa nini?"

"Nilimwambia, 'Talaka i juu yangu, Haji, kama hukukaa ukala nami katika sinia hii.' Ulimi ulitoka wenyewe. Nilidhani niko pale kwetu."

"Na hakula."

"Hakula. Aliniambia, 'Mungu akupe, mzee.'"

Ikhlasi alikaa kwenye ukingo wa kochi. Wa kwanza kucheka alikuwa yeye, kicheko kifupi kisicho na furaha, maana kwa miaka yote aliyomwonya alikuwa akidhani kitakachomwangusha ni dereva mmoja mkaidi wa lori, si tabasamu.

*

Imamu wa msikiti wa jirani alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Aliwasikiliza wote wawili, Ikhlasi akiwa nyuma kidogo, amejizungushia tobu yake, ile nguo ya yadi nyingi ya wanawake wa kwao.

"Ulinuia kumwacha mkeo, mzee?"

"Nimwache kwa asida? Nilinuia mtu ale."

"Uliweka muda? Ulisema leo, au usiku huu?"

"Sikuweka."

"Basi kiapo chako kiko wazi. Akija akala nawe, umesalimika. Asipokula, wapo wanazuoni waliosema hicho si talaka, ni yamini, kiapo kama viapo vingine, kafara yake kulisha maskini kumi." Imamu akaitazama kanzu ya Abdulbaki iliyochakaa kolani, akaongeza kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kumuumiza mwenzake, "Na asiye na uwezo, hufunga siku tatu baada ya Ramadhani. Dini ni nyepesi, mzee wangu. Wewe hali yako inajulikana."

Wema huo ulimchoma Abdulbaki kuliko tusi. Huyu alikuwa mtu aliyekuwa na duka la mbegu na majembe sokoni Madani, watu wakikopa mpaka mavuno na yeye akisahau nani kakopa nini. Hapa analinda ghala la biskuti tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na anaona sawa. Kazi ni kazi. Lakini hali yake kujulikana, hapana.

"Sitoki kwenye kiapo changu kwa mlango wa maskini," alisema njiani. "Yule mtu atakula."

"Na asipokula?"

Jioni ile Abdulbaki alichukua mto wake akahamia sebuleni, akamwambia Tasnimu mgongo unamuuma na kochi ni gumu, linamfaa. Tasnimu si mtoto. Aliutazama mto, akamtazama mama yake, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

*

Abdulbaki alikwenda kwa Haji Fathi mara tatu. Mara ya kwanza kijana wa dukani alimwambia, "Masanduku ni Alhamisi, mzee." Mara ya pili akamwambia, "Umeshapata wewe, waache na wenzako." Mara ya tatu alimwona Haji mwenyewe akiingia garini, akamkimbilia, na Haji kwa haraka ya mtu mwema alimtia noti mfukoni, akafunga mlango. Abdulbaki aliirudisha ile noti dukani. Kijana akaipokea, akasema, "Ajabu yenu nyinyi Wasudani."

Siku ya nane akapiga simu Hanadi kutoka Madani. Sauti yake ilikuwa inaruka kwa mtandao mbovu.

"Ikhlasi, dada yangu, nikuulize na usikasirike. Hii picha, huyu si Abdulbaki?"

"Picha gani?"

"Imeletwa na mtoto wa jirani yetu Sitti Buthayna. Mtu kashika katoni. Imeandikwa, 'Ndugu zetu wageni, tuko pamoja nao.' Mimi nikasema siye, Abdulbaki hawezi. Lakini kilemba ndicho."

Ikhlasi alifumba macho. Wakati wa vita nyumba ya Hanadi iling'olewa milango na madirisha na waporaji. Mpaka nyaya za umeme zilichomolewa ukutani. Walikuwa wamerudi humo hivi karibuni tu, wanatundika mablanketi penye milango.

"Ndiye," alisema.

Hanadi akasema taratibu, "Tunalo gunia moja la mtama. Si jipya, lakini zuri. Lipo basi linakuja huko Jumanne. Nikupelekee nusu?"

"Hanadi, usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia nini? Mtu na dada yake."

"Barabarani wanafuturu?" Ikhlasi aliuliza, ili aseme jingine.

"Wanafuturu. Wachache, lakini mikeka imetoka. Jana walimsimamisha mwendesha punda, akagoma, na hakuna wa kumwapia. Watu wakasema, yuko wapi Abdulbaki?"

Ikhlasi alipokata simu alilia kwanza, maana hakuona sababu ya kujizuia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliulilia mkeka wa mbele ya nyumba yao, uliokuwa na pindo lililoliwa na mbuzi. Kisha alinawa uso, akajizungushia tobu yake nzuri, ile ya samawati.

"Tasnimu, vaa. Tunakwenda dukani."

"Kununua nini?"

"Hatununui."

*

Haji Fathi alikuwa kwenye meza yake katikati ya mabomba, miwani juu ya paji la uso. Alipoona wanawake wawili wa Kisudani wakiingia, hakuinua kichwa.

"Masanduku ni Alhamisi, mama."

"Sikuja kwa sanduku. Nimekuja kujua kama mimi ni mke wa mtu."

Kijana aliyekuwa anapima misumari aliacha mizani ikicheza. Haji Fathi akashusha miwani.

"Subhanallah. Na mimi ndiye kadhi?"

"Wewe ndiye tonge," alisema Ikhlasi.

Akamweleza, kuanzia sinia mpaka imamu. Hakuficha kitu ila mto wa sebuleni, na hata huo, mtu mzima angeuelewa. Haji alicheka mwanzo, kicheko cha tumbo zima, akawatazama vijana wake ili wacheke naye. Kisha akaona mama hacheki na binti yake anatazama sakafu, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Mama, mimi nitajuaje? Mtu kanishika mkono, anasema maneno mengi, ile lahaja yenu nusu siielewi. Nikadhani ananiombea dua."

"Alikuwa anakukaribisha."

"Kwenye meza yangu mwenyewe?"

"Kwenye sinia yake."

Haji alijikuna shingo. "Mimi siketi pale. Nina kisukari, nafuturu juu kwangu, mkate mkavu na jibini isiyo na chumvi. Miaka kumi na mbili nalisha watu pale, sijaketi hata siku moja."

"Ndiyo maana hukujua."

"Sikujua nini?"

"Kwamba kuna mtu anaweza kuja pale kukulisha wewe."

Vijana wa dukani walijifanya wana kazi. Haji Fathi aliipitisha tasbihi yake vidoleni raundi nzima. Hakuwa mtu mbaya, na Ikhlasi aliona hivyo. Alikuwa tu mtu ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemkaribisha kitu bila kutaka kitu.

"Nionje hapa, sasa hivi, tumalize? Lo, nimefunga." Akatikisa kichwa. "Kesho. Lakini si pale mezani, mama. Watu watasema Haji kafilisika."

"Mlangoni kwetu, chini. Mkeka utakuwepo. Na ile picha, Haji."

"Picha gani?"

Tasnimu akamwonyesha kwa simu yake. Haji aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwanangu ndiye huziweka," alisema. "Itaondoka."

*

Kesho yake Ikhlasi aliloweka hilumuri yote iliyobaki. Alikung'uta furushi mpaka unga wa mwisho, akalinusa lile tambara, akalikunja.

Mkeka wa plastiki ulionunuliwa kwa mchuuzi ulitandikwa mbele ya mlango wa jengo. Bawabu alijifanya anafagia, akafagia pale pale mpaka Abdulbaki akamwambia aketi. Kumi na moja na nusu, kumi na mbili kasoro. Jua likashuka nyuma ya majengo. Ikhlasi yuko roshani, vidole kwenye chuma. Abdulbaki ameketi wima, kilemba kipya kichwani, hatazami kona. Alikuwa ameambiwa Haji atakuja, na alikuwa amesema tu, "Akija."

Haji Fathi akaja. Alikuja peke yake, bila simu ya picha, akavua viatu, akaketi kwa shida kwa sababu ya tumbo. Ikaadhiniwa. Alikula tende nusu, akanywa hilumuri, akakunja uso, akanywa tena. Kisha akatia mkono kwenye asida, akaunguza vidole, bawabu akamwonyesha namna ya kumega pembeni. Tonge likaingia kinywani mwa Haji Fathi, na ghorofa ya nne juu yake Ikhlasi akawa mke wa mtu.

Alicheka na kushika kifua. Alimsikia Haji akiuliza, "Nani kapika huu mchuzi?" na mumewe akijibu, "Nyumbani," kwa kiburi kile cha zamani. Haji alikula matonge sita. Ikhlasi aliyahesabu. Wapita njia wawili walitazama, mmoja akapunguza mwendo, na Abdulbaki akamwonyesha nafasi kwa kiganja. Yule mtu akaweka mkono kifuani kushukuru, akaendelea na safari yake.

Hatimaye Haji akafuta mikono, akaegemea goti ili ainuke. Sinia ilikuwa bado nusu.

Hapo Ikhlasi akajua linalofuata, kwa kuwa alilisikia kwa miaka kumi na tisa. Mgeni akiinuka na sinia ikiwa nusu, mkono wa Abdulbaki hupanda. Alikishika kile chuma cha roshani kwa nguvu. Asithubutu, aliwaza. Baada ya haya yote, asithubutu. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimsubiri aape, kwa shauku ambayo hakujua anayo.

Mkono wa Abdulbaki haukupanda. Aliinuka na mgeni wake, akampa viatu vyake.

"Kama ukipenda, Haji," alisema, "na kesho sinia itakuwepo."

"Inshallah," alisema Haji, na akaenda.

Madani yote haina mwanamume aliyewahi kumwambia mgeni, kama ukipenda.

Alipopanda, ngazi hazikuwa na haraka wala uzito. Ni mtu tu anapanda kwake. Aliweka sinia na mtungi mezani, akaingia sebuleni, akatoka na mto wake chini ya kwapa, akapita nao mbele ya Tasnimu waziwazi.

"Amekula," alisema.

"Nimeona. Baba Tasnimu."

"Naam."

"Niapie kitu."

Akageuka. "Nikuapie nini?"

"Chochote. Kwamba sina budi kula. Kwamba sitainuka hapa mpaka nimalize hii asida."

Abdulbaki alimtazama, akadhani anamtania, akaona hamtanii. Alimega tonge kwenye upande ambao haukuguswa, akalichovya mchuzi, akamwekea kwenye sahani.

"Nimeacha kuapa, Ikhlasi," alisema kwa upole. "Ulisema kweli miaka yote."

Akaenda kurudisha mto wake kitandani. Ikhlasi akalila lile tonge taratibu, machozi yakimteremka, na Tasnimu akauinua mtungi kutazama kama kuna kilichobaki.